MWALIMU WA KEMIA ALIYETAFUTA KWAO SAMAKI: MAISHA YA J.L.B. SMITH (1897–1968)

Tumeombwa tuandike wasifu wa watu mashuhuri ambao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Najua wengi wataandika juu ya wanasiasa na wanariadha. Mimi nimemchagua mtu wa samaki. Msicheke, ngojeni kwanza.

Sisi wa Butula bahari twaijua kwenye ramani tu. Samaki wetu ni wa ziwani, wale wanaoletwa kutoka Port Victoria na Sio Port hadi sokoni: mbuta, ngege, omena, na yule kamongo mwenye umbo kama la nyoka ambaye wengine wetu hawataki hata kumtazama. Huyo kamongo mshikeni akilini, kwa maana nitamrudia mbele. Lakini kisa chenyewe ni cha samaki wa Bahari ya Hindi anayeitwa silikanti, na cha bwana mmoja aliyetumia miaka 14 kuuliza swali moja tu: huyu samaki kwao ni wapi?

KUZALIWA NA MASOMO

James Leonard Brierley Smith alizaliwa tarehe 26 Septemba 1897 huko Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Mji huo uko bara, mbali na bahari kama huu wetu. Hata hivyo, tangu utotoni alipenda kuvua samaki kuliko michezo mingine yote. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta akiwa kijana wa chuo. Alijiunga na jeshi akaletwa huku kwetu Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani. Vita hivyo havikumpa nishani ya kujivunia. Vilimpa malaria na magonjwa mengine yaliyomdhoofisha mpaka akarudishwa kwao. Tangu siku hizo hadi uzeeni, afya yake haikuwa ya kutegemewa.

Alirudi masomoni na mwaka 1918 akapata shahada ya pili ya kemia huko Stellenbosch. Kisha alikwenda Cambridge, Uingereza, akapata udaktari wa kemia mwaka 1922. Aliporejea, aliajiriwa kufundisha kemia katika Chuo cha Rhodes mjini Grahamstown, mji ambao siku hizi unaitwa Makhanda. Aliandika hata vitabu vya kemia vya wanafunzi. Kwa hiyo hakuwa mtaalamu wa samaki kwa karatasi. Elimu ya samaki alijifunza mwenyewe jioni na wakati wa likizo, akihesabu magamba na miiba ya mapezi, samaki mmoja baada ya mwingine, mpaka akawa anawatambua kama mchungaji anavyowatambua ng'ombe wake. Majumba madogo ya makumbusho ya pwani yakaanza kumtumia samaki wasiojulikana ili awape majina.

Mwezi wa Aprili 1938 alimuoa Margaret Macdonald, aliyekuwa mwanafunzi wake wa kemia. Mama huyu naye alijifunza samaki, akawa anachora picha zao. Kazi nyingi nitakazozitaja hapa walizifanya wawili.

SAMAKI WA KRISMASI

Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi iliyoitwa Nerine, chini ya nahodha Hendrik Goosen, ilitia nanga katika bandari ya East London. Ilikuwa imevua karibu na mahali ambapo mto Chalumna unaingia baharini. Nahodha alikuwa na desturi ya kumwita msimamizi wa jumba la makumbusho la mji ule, msichana wa miaka 31 aitwaye Marjorie Courtenay-Latimer, aje kuchagua samaki wa ajabu. Chini ya lundo la papa, Marjorie akaona pezi la rangi ya samawati. Alipowaondoa wale wengine, alikuta samaki wa urefu wa mita moja na nusu, uzito wa kilo 57 hivi, mwenye magamba magumu kama ngao na mapezi yaliyokaa juu ya vikonyo vya nyama mithili ya miguu mifupi.

Hakumjua ni nani. Alimpakia kwenye teksi huku dereva akinung'unika kwa harufu. Akatafuta mahali pa kumhifadhi: mochari wakakataa, na kwenye chumba cha baridi wakakataa pia. Ilikuwa kiangazi cha huko kusini na joto lilikuwa kali. Mwishowe alimpeleka kwa fundi wa kukausha wanyama, kisha akamwandikia Smith barua yenye mchoro. Lakini wapi! Smith alikuwa likizoni Knysna, na barua ikamfikia tarehe 3 Januari 1939. Wakati huo matumbo ya samaki yalikuwa yamekwisha tupwa.

Smith alipouona ule mchoro alishtuka. Umbo lile alikuwa amelisoma katika vitabu vya visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Jamii ya silikanti ilianza miaka milioni 400 hivi iliyopita, na wataalamu wote waliamini kwamba ilitoweka pamoja na dainosaria. Basi kumwambia mtaalamu kwamba silikanti amevuliwa juzi ni kama kumwambia mtu kwamba babu wa babu yake ameonekana stendi ya Bumala akingoja matatu.

Alimwona samaki mwenyewe tarehe 16 Februari 1939 na hakubaki na shaka. Alimpa jina Latimeria chalumnae, kwa heshima ya Marjorie na ya mto Chalumna. Habari ikatangazwa duniani kote.

KWAO NI WAPI?

Hapa ndipo ninapomheshimu Smith. Mwingine angetosheka na sifa. Yeye aliuliza: iwapo samaki huyu mkubwa anaishi karibu na East London, mbona wavuvi wote wa huko hawajawahi kumwona? Tena, mwili wake mzito na magamba yake magumu yalifaa mahali penye miamba, si mchanga ule ambapo nyavu za meli hukokotwa.

Ndugu zangu, tunaoishi karibu na mpaka tunaweza kulielewa swali hili upesi. Ukimkuta mtu katika soko la Busia, huwezi kuapa kwamba kwao ni Busia. Huenda ametoka Malaba, Kampala, au Kisumu, na jioni atarudi zake. Mahali mtu alipopatikana si lazima pawe nyumbani kwake. Smith aliona kwamba samaki wa 1938 huenda alikuwa msafiri aliyepotea. Alijua kuna mkondo wa maji ya bahari unaoteremka kutoka kaskazini kuelekea kusini kupitia pwani ya Msumbiji. Basi akasema nyumbani kwake lazima patafutwe kaskazini.

Vita Vikuu vya Pili vikamzuia. Vilipokwisha, aliacha kufundisha kemia mwaka 1946 ili afanye kazi ya samaki tu. Yeye na mkewe walisafiri Msumbiji, Zanzibar na pwani ya Kenya wakikusanya samaki. Mwaka 1949 walitoa kitabu kikubwa cha samaki wa bahari ya kusini mwa Afrika. Pia alichapisha karatasi za tangazo zenye picha ya silikanti, akiahidi zawadi ya pauni 100 kwa atakayempata. Wakati huo pauni 100 zilikuwa pesa za kumbadilisha mvuvi maisha.

Lakini hebu sikilizeni jambo hili, ninyi wanachama wa Chama cha Kiswahili. Tangazo lile liliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo! Wavuvi wa kuanzia Lamu hadi Kilwa, na majirani zao wa Komoro ambao lugha yao ni ndugu ya damu ya Kiswahili, walipewa picha tu pamoja na maneno ya wageni. Mimi naona hilo lilikuwa pungufu kubwa, na mtaona lilivyokaribia kuharibu kila kitu.

MVUVI NA MWALIMU

Mwaka 1952 Smith na mkewe walikutana Zanzibar na mfanyabiashara Mwingereza, Eric Hunt, aliyekuwa na jahazi la kwenda Komoro. Wakampa karatasi za tangazo akazisambaze huko.

Usiku wa tarehe 20 Desemba 1952, mvuvi aitwaye Ahamadi Abdallah wa Domoni, katika kisiwa cha Anjouan, alikuwa akivua kwa mshipi. Akavuta samaki mzito, akampiga kichwani mpaka akatulia. Kwake hakikuwa kioja. Watu wa Komoro walimjua samaki huyo miaka nenda miaka rudi, wakimwita gombessa. Nyama yake haikusifiwa sana. Magamba yake ndiyo yalikuwa na kazi: yanasimuliwa kwamba yalitumiwa kukwaruzia tyubu ya baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Vijana wetu wa boda boda mpo hapo? Kile ambacho wataalamu wa dunia nzima walikuwa wakikililia, wenyewe walizibia pancha!

Kesho yake samaki akapelekwa ili auzwe. Alikuwa karibu kukatwa vipande alipotokea mwalimu wa shule, Affane Mohamed, aliyekuwa ameliona tangazo. Akamtambua, akawazuia. Samaki akabebwa kuvuka milima ya kisiwa hadi Mutsamudu, jahazi la Hunt lilipokuwa. Hunt alimtia chumvi na dawa ya kuzuia kuoza, kisha akapeleka telegramu kwa Smith.

Smith alikuwa ndani ya meli bandarini Durban, akirudi kutoka safari ya Afrika Mashariki. Akili yake karibu imruke. Ilikuwa tena Krismasi, ofisi zote zimefungwa, na samaki anaoza! Mwishowe alimpigia simu waziri mkuu, D.F. Malan, aliyekuwa mapumzikoni. Malan akakubali kutoa ndege ya jeshi. Tarehe 29 Desemba Smith alitua Mayotte, akapelekwa kwenye jahazi, akapiga magoti mbele ya samaki na machozi yakamtoka. Miaka 14 ilikuwa imepita. Kwao samaki pamejulikana.

JINA LA NANI?

Hapa sitamsifu Smith tu, maana wasifu si wimbo wa harusi. Samaki huyu wa pili hakuwa na pezi moja la mgongoni. Smith akadhani ni aina nyingine kabisa, akampa jina Malania anjouanae kwa heshima ya Malan. Huyo Malan ndiye ambaye serikali yake ilianzisha sheria za ubaguzi wa rangi Afrika Kusini kuanzia mwaka 1948. Ahamadi Abdallah alipewa pauni zake 100, ndiyo, lakini jina lake halikuwekwa popote katika jina la samaki. Mtu aliyekaa macho usiku kwenye ngalawa akapata pesa. Mtu aliyetoa ndege ya serikali akapata heshima ya milele.

Lakini milele hiyo haikudumu. Wataalamu wengine walipochunguza, walikuta kwamba samaki yule ni Latimeria yule yule, ila pezi lake lilikuwa limepotea kwa jeraha la zamani. Ukikutana na mtu aliyekatika kidole huwezi kusema ni wa kabila jingine! Jina la Malania likafutwa, likabaki la yule msichana aliyehangaika na teksi.

Wafaransa, waliotawala Komoro wakati ule, hawakufurahia samaki kuchukuliwa kwa ndege. Wakazuia watafiti wa kigeni, na Smith hakupata nafasi tena. Aliandika kitabu juu ya msako wake mwaka 1956, kikasomwa kwa lugha nyingi, na akaendelea kufanya kazi ya samaki mpaka alipofariki Grahamstown tarehe 8 Januari 1968. Mkewe aliendeleza taasisi ya samaki iliyopewa jina la marehemu, mpaka naye alipofariki mwaka 1987.

JENI ZIKASEMA

Smith alifariki bila kumwona silikanti akiogelea. Mwaka 1987, Mjerumani Hans Fricke alishuka kwa nyambizi ndogo huko Komoro na kuwaona. Smith alifikiri wanatembea juu ya mapezi sakafuni mwa bahari. Kumbe hawatembei. Mchana hujificha ndani ya mapango ya miamba, mita 200 hivi chini, na usiku hutoka polepole kutafuta chakula.

Halafu habari zikaja mfululizo. Mwaka 1998 ikatangazwa kwamba silikanti wako hata Indonesia. Mwaka 2000 wapiga mbizi waliwakuta hai Sodwana Bay, Afrika Kusini, kwa hiyo si kweli kwamba upande ule hawapo kabisa. Mwaka 2001 mmoja alinaswa hapa kwetu Kenya, upande wa Malindi. Kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga, wakanasa wengi katika nyavu za jarife zilizotegwa kilindini kwa ajili ya papa.

Swali la Smith likafufuka. Je, hawa wa Kenya na Tanga ni wenyeji, au ni wasafiri waliochukuliwa na maji kutoka Komoro? Macho hayawezi kujibu, kwa sababu wote wanafanana. Hapo ndipo wataalamu walipoziuliza jeni.

Nitaeleza kwa mfano wa darasani. Jeni ni kama maandishi yaliyomo ndani ya seli, ambayo mtoto huyanakili kutoka kwa wazazi. Katika kunakili, makosa madogo hutokea. Mwalimu akikuta wanafunzi watatu wamekosea neno lile lile kwa namna ile ile, anajua wamenakili kutoka daftari moja. Vivyo hivyo, samaki wanaozaana pamoja hushiriki makosa yale yale. Wakitengana miaka mingi, kila kundi hukusanya makosa yake. Ukihesabu tofauti, unaweza kukadiria wametengana tangu lini.

Uchunguzi wa mwanzo ulionyesha kwamba samaki wa Komoro na wa pwani ya Afrika wanakaribiana mno, na wengine wakasema basi hawa wa pwani ni wapotevu kutoka Komoro. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Japani na Tanzania walipima samaki wengi zaidi, wakaona kwamba wale wa Tanga wana alama zao wenyewe. Wamejitenga na wa Komoro kwa zaidi ya miaka 200,000. Hao si wageni waliopotea njia. Tanga ni kwao.

Jambo hili si la kufurahisha wasomi tu. Ikiwa samaki wa Tanga ni wasafiri, wakivuliwa wote, wengine watakuja kutoka Komoro. Ikiwa ni wenyeji, wakiisha wameisha. Tena silikanti hana haraka. Huzaa watoto hai, si mayai. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba hubeba mimba miaka 5 hivi na anaweza kuishi karibu miaka 100. Nyavu chache zikitegwa vibaya zinaweza kumaliza ukoo mzima. Ndiyo maana Tanzania ilitenga Hifadhi ya Bahari ya Silikanti huko Tanga mwaka 2009. Mvuvi naye ana watoto wa kulisha na karo ya kulipa, hivyo si haki kumlaumu bila kumpa njia nyingine ya riziki.

NA KAMONGO JE?

Niliahidi kumrudia kamongo. Yeye na silikanti ni wa jamii moja ya samaki wenye mapezi ya nyama, jamii ambayo kwayo walitoka wanyama wote wenye miguu minne, na sisi pia. Kwa miaka mingi watu walibishana ni yupi kati yao aliye karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu. Mwaka 2013 jeni zote za silikanti ziliposomwa, jibu lilipatikana: jamii ya kamongo ndiyo iliyo karibu zaidi. Yule samaki anayevuta hewa kwa mapafu na kujizika matopeni wakati wa kiangazi, tunayempita sokoni tukiziba pua, ana udugu wa karibu na sisi kuliko yule aliyetumiwa ndege ya jeshi!

FUNZO

Wenzangu, maisha ya Smith yana mafunzo mengi. Alikuwa mgonjwa, lakini hakuutumia ugonjwa kama kisingizio. Alisomea kemia, lakini hakukubali kufungwa na cheti chake. Alikosea, na sayansi ikamsahihisha bila kumvunjia heshima. Mstahimilivu hula mbivu.

Lakini mimi funzo kubwa naliona kwa upande wa Domoni. Jibu la swali lililomsumbua miaka 14 lilikuwa midomoni mwa wavuvi, katika lugha isiyo na nafasi kwenye tangazo lake. Lau si mwalimu mmoja wa shule aliyesimama kati ya wavuvi na wasomi, samaki yule angeliwa. Sisi tunaosoma hapa Butula, wazazi wetu wanajua mengi kuhusu mito, mchwa, mvua na samaki, na hawajaulizwa. Tuwaulize sisi, tena tuyaandike kwa Kiswahili, ili siku mtafiti atakapokuja akute maandishi yakimngoja. Kuuliza si ujinga.



Mwanafunzi, Kidato cha Tatu